Namba Mgongoni

Kilomita tatu kabla ya kilele, nilisikia gari la ufagio likinguruma nyuma yangu. Katika mbio zetu za baiskeli kwenye milima ya Pirenei gari hilo huwazoa waliochelewa, na msimamizi huwavua namba mgongoni.

“Mzee Évariste, panda! Kiti cha dirishani kipo,” msimamizi aliita kutoka garini.

“Kikalie wewe, umeshakizoea!”

Maylis, aliyetuongoza milimani wiki nzima ya likizo yetu ya baiskeli, alikuwa ubavuni mwangu. Sheria ilimkataza kunisukuma.

“Babu, weka gia nyepesi. Nakuomba tangu Jumatatu.”

“Hiyo ni ya wagonjwa.”

“Basi mpe msimamizi namba yako ukapumzike.”

Nina miaka sabini na mbili, na wiki nzima nilipanda kwa gia nzito ili vijana waone. Nilitazama barabara ilivyojikunja juu, nikabadilisha gia. Miguu ikazunguka upesi kama ya mtoto kwenye baiskeli ya magurudumu matatu. Maylis akacheka, nami nikacheka, na pumzi zikanirudia.

Tulivuka mstari wa mwisho kileleni dakika nne kabla ya muda kwisha. Msimamizi akashuka, akanipa mkono.

“Namba hiyo kaitundike sebuleni, mzee.”

“Chooni inatosha,” nilimjibu, lakini nilikuwa nimeshachagua ukuta wa sebuleni.