Msomaji Mmoja wa Kitabu cha Baba

Tangu nistaafu ualimu hapa Wundanyi, hakuna anayeniuliza ninasoma nini. Kwa hivyo niliponunua simu mpya kule Voi, niliweka ile programu ambamo watu huorodhesha vitabu walivyosoma na kuonyeshana. Nilijisajili mwenyewe, nikiilaani kila hatua.

Nilitafuta kijitabu cha hadithi za Kidawida, lugha yetu ya Taita, alichochapisha marehemu baba yangu. Sikutarajia kukipata, lakini kilikuwepo, na picha ya jalada lililochanika pembeni kama la nakala yangu. Chini yake paliandikwa: msomaji mmoja, Mdawida wa Milimani.

Kwetu humrukii mtu na maswali ya vitabu kabla hujamsalimu ukajua ni wa kwa nani, kwa hivyo nilimwandikia vizuri: "Habari za huko? Watu wa nyumbani hawajambo? Mimi ni Moureen, binti wa mwenye kitabu. Wewe ni wa kwa nani?"

Nikatuma.

Juu ya kabati, simu yangu ya zamani ikalia.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Krismasi iliyopita, binti yangu Daisy alinifungulia akaunti ya programu hiyo kwenye simu ile, akakipiga picha kile kitabu, akanichagulia jina hilo la Mdawida, kisha akarudi kazini Mombasa. Sikuwahi kuifungua tena.

Niliichukua ile simu nikazisoma salamu zangu hadi mwisho. Tangu Krismasi hakuna aliyekuwa ameniuliza habari za nyumbani. Nikavuta kiti, nikajibu kwamba hawajambo wote, ingawa nyumbani niko mimi tu.