Binti Mwenye Adabu Kuliko Wote Nyakisasa

Nyakisasa nzima ilikubaliana kwamba hakuna binti mwenye adabu kama mimi, Deodata. Wenzangu wakikutana na mkubwa njiani waliinama kidogo, wakatupa shikamoo, wakaendelea na safari zao. Mimi nilichuchumaa mpaka chini. Niliuliza hali yake, hali ya ng'ombe, ya migomba, na ya wajukuu walioko mbali. Mzee akajiona mtemi. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta pumzi, na nikichuchumaa pumzi ilirudi.

Nilizaliwa na tundu moyoni. Daktari wa hospitali ya misheni alimweleza baba nilipokuwa na miaka kumi na sita, midomo yangu ikiwa na rangi ya mtu aliyetoka kula zambarau. Nisibebe mizigo mizito, alisema, na nisibebe mimba, kwa sababu mimba ingeweza kuniua. Baba alimshukuru sana. Tulipofika nyumbani akaamuru mtu yeyote asiambiwe, maana binti mgonjwa haolewi, na binti asiyeolewa ni aibu ya baba yake. Ugonjwa wangu, aibu yake. Baba yangu Emilian alijua kugawana, na huo ndio ujamaa wa kwanza niliouona kwa macho yangu.

Ujamaa ule mwingine, wa serikali, ulituhamisha kutoka kwenye migomba yetu ukatupanga mistari kando ya barabara, juu mlimani. Maji hayakuhamishwa. Yalibaki bondeni, na shamba la kijiji likawekwa huko huko. Mwenyekiti wetu, Desderius, aliwaita wavivu kupe. Nikichuchumaa kwenye tuta peke yangu nilikuwa kupe; akipita yeye nikamsalimu hapo hapo nilipochuchumaa, nilikuwa mfano wa kuigwa. Basi nikajifunza kuchoka pale tu wakubwa walipo. Siku moja mkutanoni alinisimamisha kwa muda mrefu, akawaambia wasichana wote waige adabu yangu. Nusura nianguke kwa hizo sifa.

Sifa zikamfikia Verediana, mjane mwenye mtoto mmoja tu wa kiume, Xavery. Vita na Amini ilikuwa imeanza, vijana wa mgambo walikuwa wakiitwa, na Xavery alikuwa ameshaitwa. Mama mtu akataka mwanawe aoe haraka, aache mtoto tumboni mwa mtu kabla ya kuondoka. Tena alitaka mkwe mwenye adabu. Angemtafuta nani mwingine?

Na mimi, nisiwe mnafiki, nilimtaka Xavery. Alikuwa na baiskeli ambayo kwa milima yetu aliikokota kuliko alivyoipanda, na mara mbili aliikokota kando yangu kutoka bondeni bila kuniharakisha. Kwa mwanamume wa kwetu hayo ni mapenzi makubwa. Nikinyamaza, ningempata. Nikinyamaza ningekufa pia, lakini hilo halikuwa kwenye mazungumzo.

Siku ya posa walikuja mama na mwana, na pombe ya ndizi. Verediana akaanza, "Baba Deodata, mimi sitaki mengi. Nataka kijana wangu aende vitani akijua ameacha kitu tumboni."

"Mungu akipenda," baba akajibu, "utapata hata mapacha."

Mapacha! Hasira ikanipanda mpaka masikioni.

"Mama," nikamwambia Verediana, "mimi sitakiwi kushika mimba. Nina tundu moyoni tangu nizaliwe. Daktari alisema mimba itaniua, na baba alikuwepo."

Baba akakohoa, akasema nina malaria.

Verediana aliitazama midomo yangu. Nilingoja huruma, au matusi, vyote nilikuwa nimejiandaa navyo.

"Sasa kule kuchuchumaa kwako njiani?" akauliza.

"Nilikuwa napumzika, mama."

"Kwa hiyo hukuwa unanisalimu?"

"Nilikuwa nakusalimu pia."

"Pia!" Akasimama. "Baba Deodata, mtoto wako amenipumzikia miaka yote hii, mimi nadhani ananiheshimu!"

Akatoka, akisema mwanawe hawezi kuoa marehemu. Mwanamume anayekwenda kupigwa risasi ndiye aliyekuwa mzima. Mimi niliyekaa kwenye kigoda ndiye marehemu. Baba akamkimbilia amwombe radhi kwa niaba ya moyo wangu. Xavery akawafuata. Nililia, wala sioni haya kusema.

Kisha mlango ukafunguka, akaingia Xavery. Moyo wangu, uliokatazwa kazi nzito, ulifanya kazi nzito kuliko siku zote.

"Nimesahau kofia," akasema.

Nikamwokotea kofia yake. Nilitamani kumpiga nayo.

"Mama yako anataka mjukuu," nikamwambia. "Wewe unataka nini?"

Akaigeuzageuza kofia. "Hakuna aliyeniuliza."

"Mimi nakuuliza."

"Nataka kurudi," akasema. "Naogopa, Deodata. Kila ninayemuaga ananiambia niache mtoto. Wameshanizika hawa."

Mimi ni mtu wa mzaha, lakini siku hiyo sikuwa nao. Nikamwambia kwamba hata mimi naogopa, hasa usiku, moyo unaponienda mbio nikiwa nimelala tu.

Mama yake akamwita kutoka barabarani. Xavery akaketi chini, kando ya kigoda changu.

"Huo moyo," akaniuliza, "ukichoka, unajisikiaje?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Hata daktari alimuuliza baba. Nikaanza kumweleza, taratibu, nikipumzika kila nilipotaka. Mama yake akaita mara ya pili, naye hakuitika.