Kifuniko Kimekaa, Moto Bado

“Mama Nadia, kama mashine imeisha kukubali dawa yako, mi napeleka tena mutoto ku santé kwa manesi ya nini?”

Samira, jirani yangu, aliniuliza hivyo akiwa amesimama mlangoni, mtoto wake Zakaria mgongoni, shingo imelegea. Nilimgusa paji la uso. Alikuwa moto kama figa.

“Nani alikuambia mashine imekubali?”

“Si shemeji yako Nuhu? Anatangaza ndani ya boti yake, toka Baraka mpaka Ubwari.”

Binti yangu Nadia anasoma Bukavu, na likizo hii alikuja na kazi yake. Kazi yenyewe haina jani wala chungu. Ndani ya ordinateri, kompyuta yake, ana umbo la protini moja ya mdudu wa palu, yaani malaria, imejikunja kama wavu uliotupwa chini. Kisha anachukua molekuli za mubirizi, yale majani machungu ninayochemshia watu kama mama yangu alivyochemsha, na mashine inazigeuza, inazijaribisha kila upande, itafute ipi inaingia kwenye shimo la ile protini na kuizuia isifanye kazi. Mimi niliishia la sita. Nilielewa kwa njia yangu. Ni kama asubuhi ya baada ya harusi, sufuria tulizoazima mtaa mzima zimerundikwa uani, na sisi bamama tunajaribu vifuniko: hiki hapana, hiki kinacheza, hiki kimekaa.

Juzi molekuli moja ilikaa. Nadia akapiga vigelegele peke yake. Nuhu alikuwepo, akapiga picha kioo cha mashine kwa simu, akaondoka anacheka.

Kabla sijamjibu Samira, Nuhu huyo akaingia, katoni kifuani. Akaitua chini, akanionyesha chupa. Karatasi iliyobandikwa ilisema: DAWA YA PALU YA MAMA NADIA. ORDINATERI IMEHAKIKISHA.

“Shemeji, furahi basi! Jina lako litafika mpaka Misisi!”

Nadia aliinuka kwenye mashine yake. “Baba mudogo, toa ile neno. Mashine imesema hii molekuli inafaa kupimwa. Haijasema inaponesha. Bado maabara, bado kujua kama ni sumu, bado mambo mengi.”

“Masomo yote hayo na bado unaogopa!” Nuhu akacheka. “Mama yako ananywesha watu tangu zamani. Mulize yeye kama haiponeshe.”

Wote watatu wakanitazama.

“Wengine walipona,” nikasema. “Wengine niliwaombea dua kaburini. Kama ni majani yaliponesha ao ni Mungu peke yake, mimi sijui. Ndiyo maana mutoto wangu anatafuta.” Nikamgeukia. “Nuhu, we ulikuja ku harusi ya jirani yetu Waridi?”

“Nilikuja.”

“Ulikula?”

“Nilikula sana.”

“Ulikula vifuniko?”

Samira alicheka, akaziba mdomo.

“Mashine imepata kifuniko chenye kukaa,” nikasema. “Moto haujawashwa. Ndani ya sufuria hatujui iko nini. Na weye umeisha kuita watu waje kula.”

Uso wa Nuhu ukabadilika. “Hii nyumba ni ya kaka yangu. Nikisema utoke, utatoka na mashine yenu na sola yenu.”

“Sema basi. Ita wazee, ita na imamu. Nitasimama mbele yao na nitasema hivi hivi. Kaka yako nilimuzika kwa sababu Mungu alimuita. Huyu mutoto sitamuzika kwa sababu ya jina langu ku karatasi.”

Nikaketi juu ya kigoda, nikachukua chupa ya kwanza, nikabandua karatasi kwa kucha. Nikachukua nyingine. Nuhu alinishika mkono. Nilimtazama tu, mpaka akauachia. Nadia akaja kuketi karibu yangu, naye akaanza kubandua.

“Samira,” nikasema bila kuinua kichwa, “ku santé manesi wako bado kazini. Wamupime damu, wamupe vidonge. Mi nitabaki naomba.”

“Usimusikilize!” Nuhu alichomoa chupa moja, akamnyoshea. “Chukua, dada. Hii ni zawadi!”

Samira aliitazama ile chupa, akanitazama mimi na vipande vya karatasi mapajani mwangu. Akakaza kitenge kifuani, akampandisha Zakaria vizuri mgongoni, akaruka katoni, akatoka, akashika njia ya santé.