Kalisi ya Mulenga

Mtu wa Lubumbashi humwambii kitu kuhusu asidi. Amekua nayo, ikimrukia anajimwagia maji, anatukana kidogo, kazi inaendelea. Lakini hiyo ni asidi ya salfa, ambayo huchoma papo hapo. Asidi ya fluori haina haraka.

Mulenga alitoka kwenye matangi ya shaba akahamia maabara ya kupima mawe ya madini. Siku chupa ya fluori ilipommwagikia mapajani, alijimwagia maji, akabadili suruali, akarudi mezani. Baadaye Christiane, mkemia mwenzake, alimkuta anatoka jasho.

"Inaniunguza ndani, dada. Ndani ya mufupa."

Christiane alishikwa na hofu. Fluori hupenya nyama ikitafuta kalisi, ya mifupa na ya damu, na damu ikiishiwa kalisi moyo unasimama. Dawa ni kuipa kalisi nyingine mapema: glukonati, chumvi ya asidi itokanayo na sukari. Mwili huipokea bila ugomvi. Upande wa sukari unaliwa kama chakula, kalisi inaikamata fluori. Alikimbilia sanduku la dharura. Tupu.

"Chef, gluconate iko wapi?"

Symphorien, mkuu wa maabara, msomi wa kujisikia, hakuona haya hata chembe.

"Nilipeleka kwa makuku yangu. Ilikuwa inataga mayayi ya laini. Sasa ganda iko nguvu, muzuri kabisa. Mumupe lait, maziwa nayo iko na kalisi."

Kuku! Mungu amlipe mtu huyu, mimi sina la kusema.

Kliniki ya jirani haikuwa na glukonati. Wakiwa njiani kwenda hospitali, vidole vya Mulenga vilikakamaa, akamwomba Christiane amshike. Alimshika mpaka moyo uliposimama.

Kwenye kilio Symphorien alileta jeneza zuri, akasimama mbele ya watu.

"Mulenga alikuwa mutu wa kazi. Lakini siku ile hakunawa muzuri."

Christiane akafungua kinywa. Symphorien akamtazama. Christiane akakifunga, ana watoto wa kulisha.

Mapalo, mjane wa Mulenga, akapiga magoti, akapiga makofi polepole kama wanavyoshukuru kwao.

"Aksanti sana, chef, kwa sanduku. Mudogo yake Ruben hana kazi. Mumutie pa fasi yake."

"Akuye lundi, juma ikianza," akasema Symphorien.