Msindikizaji Kutoka Izigo

Jumanne ya mwisho ya mwezi wa nne, Sista Consolata alichukua kalamu nyekundu na rula, akalikata jina la Restituta kwenye kadi ya kliniki ya binti yake. Kadi ilikuwa na mpango mzima wa kujifungua. Mahali: kituo cha afya. Usafiri: pikipiki ya jirani. Mchangia damu: mume. Msindikizaji: Restituta, mama mzazi. Mistari mitatu ya kwanza aliiacha kama ilivyo.

“Ni agizo,” alisema nyuma ya barakoa. “Kwa ajili ya korona. Mjamzito anaingia peke yake.”

Alistidia alikuwa na mimba ya miezi tisa. Alikuwa ameacha chumba walichopanga na mumewe Josia kule Miembeni, Bukoba mjini, akarudi Izigo kwa mama yake ili asiwe mbali na mtu wa kumshika mkono. Alikuwa na sababu. Uzazi wa kwanza, miaka mitatu nyuma, alivuja damu baada ya kujifungua na akakosa hata nguvu ya kuita. Aliyeita ni Restituta, aliyepita kwenye korido akipiga mayowe mpaka muuguzi akaiacha chai yake. Kwa hiyo Alistidia hakuuliza kwa ubishi.

“Nikivuja tena, Sista, nani atakuita?”

“Utaniita mwenyewe,” alisema Sista Consolata, akaangalia pembeni. Wauguzi wa wazazi walikuwa wawili. Mmoja alikuwa amehamishiwa chumba cha wagonjwa wa korona, ambacho mpaka siku hiyo kilikuwa na kitanda kimoja na mgonjwa hakuna.

Nyumbani walipanga vitu kwenye beseni: mpira wa kutandika, glavu, pamba, nyembe, kanga sita. Kila walichoambiwa kwenda nacho walikipata. Usiku ule Alistidia alilala akiwaza kile kimoja walichoambiwa wasiende nacho.

Asubuhi Restituta alikwenda nyuma ya jiko, kwenye mgomba wa enchoncho, ndizi za kupika, alipozika kondo la nyuma la Alistidia miaka ishirini na saba iliyopita. Mgomba wenyewe wa siku zile ulishazaa ukaanguka, kama ilivyo ada, lakini mtoto alishika nafasi ya mama, na mjukuu nafasi ya mtoto, kwenye shina lile lile. Restituta aliutilia majivu, akaueleza habari kama anavyomweleza jirani: tarehe, mahali, na agizo. Hakubembeleza.

“Mama, unaongea na nani?” Alistidia aliuliza kutoka jikoni.

“Na mwenzako.”

Uchungu ulianza Ijumaa alfajiri. Pikipiki iliwafikisha wote wawili getini, na hapo mlinzi Rutashobya akanyoosha kidole kwenye tangazo: *Ndugu, jamaa na marafiki wa wajawazito hawaruhusiwi kuingia.* Restituta alimpa binti yake beseni. Alimtazama akiingia, akaketi kwenye gogo nje ya uzio na chupa yake ya chai. Hakuimimina. Aliogopa, na hakujificha kwamba anaogopa.

Saa nne mgomba ukafika.

Ulikuja kwa barabara kuu, upande wa kushoto, umekusanya mizizi yake na udongo wake. Wenye pikipiki waliupisha. Ulikuwa na vumbi mpaka kwenye majani ya juu, na mkungu mchanga ulining'inia ubavuni.

“Umechelewa,” Restituta aliuambia.

Rutashobya alilisoma tangazo upya, kuanzia juu mpaka kwenye mhuri. Alikuwa mtu wa kufuata maandishi, na maandishi hayakutaja mgomba.

“Kibanja chenu kina mnyauko?” aliuliza, maana miaka ya nyuma ugonjwa huo ulimaliza migomba ya nusu ya ukoo wao, na bwana shamba alikataza kuhamisha hata chipukizi moja.

“Hakina, waitu,” Restituta alijibu kwa heshima.

Mlinzi aliipulizia mizizi dawa. Akaunawisha majani mawili kwenye ndoo ya koki, kwa sabuni, akihesabu mpaka ishirini. Kisha akaelekeza kipima joto kwenye shina.

“Ishirini na mbili. Homa hauna. Upite.”

Wodini kulikuwa na wanawake wawili. Alistidia alikuwa ameshika chuma cha kitanda, macho kayafumba. Aliposikia harufu ya nyuma ya jiko la kwao aliyafumbua, akauona mgomba umesimama kando yake. Alilia kidogo, kwa kufarijika, kisha akaegemeza paji la uso kwenye shina. Lilikuwa baridi. Kila uchungu ulipokuja alilikumbatia, nalo halikuyumba.

Klaudia, kitanda cha pili, alitazama kwa muda. Naye alitoka Miembeni, nyuma ya maduka.

“Wako?” aliuliza.

“Wangu. Na wako uko wapi?”

“Mimi nilizaliwa hospitali. Kondo langu lilitupwa shimoni pamoja na mengine.” Akageukia ukutani.

Saa nane mchana Alistidia alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye hasira. Sista Consolata alimkata kitovu, akamfuta, akamlaza kifuani kwa mama yake. Glavu zilikuwa zimekwisha na Klaudia naye alikuwa ameanza uchungu, kwa hiyo akatoka kwenda stoo.

Ndipo Alistidia aliposikia joto likimtiririka chini. Alilijua. Alifungua kinywa kuita, sauti ikagoma, kama mara ile. Klaudia alikuwa katikati ya uchungu wake mwenyewe, hasikii wala haoni.

Mgomba ukaenda. Uliinama mlangoni ili majani yapite, ukashika korido, ukiacha udongo kila hatua. Mlango wa stoo ulikuwa umefungwa. Ukausukuma kwa mkungu.

Sista aligeuka kuona nani amemzibia mwanga. Akautazama mgomba, akautazama udongo sakafuni na unakotokea.

“Alistidia,” alisema, akakimbia.

Alimdunga sindano, akamkanda tumbo kwa nguvu, akamtundikia maji. Ilichukua muda. Kisha damu ikapungua, ikakoma, na midomo ya Alistidia ikarudi rangi yake. Sista Consolata aliketi ukingoni mwa kitanda.

“Mlango ule ukifungwa, humo ndani husikii kitu,” alisema. “Ungeniita nisingesikia.”

Kisha akaichukua kadi, na pale juu ya mstari mwekundu akaandika: *Mgomba, Izigo.*

Mtoto alionyeshwa bibi yake kupitia dirishani. Restituta alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamwanguka, kisha akamimina chai, akamgawia na Rutashobya.

“Mgomba haushindwi na mkunguwe,” alisema mlinzi, akiipokea kwa mikono miwili.

Jumamosi asubuhi walipotoka, getini palikuwa na tangazo jipya: *Kila mjamzito anaruhusiwa mgomba mmoja. Mgomba unawe kabla ya kuingia.* Lilikuwa limebandikwa chini ya lile la zamani, ambalo halikuguswa. Kwenye chumba cha korona, muuguzi wa pili alikuwa anakilinda kitanda chake kitupu.

Mgomba haukutoka nao. Klaudia alikuwa bado hajajifungua, na Alistidia alikuwa ameunong'oneza jambo kabla ya kuaga. Ulirudi wenyewe Jumapili wakati watu wanatoka misani, jani moja limechanika pale mtu alipolishika kwa vidole vitano. Jioni Klaudia alituma ujumbe: wa kiume, wote salama.

Lakini Jumamosi hiyo, Restituta alirudi na ndoo ndogo yenye kifuniko aliyopewa na Sista, kondo likiwa ndani. Alichukua jembe. Alistidia, amekalishwa kivulini na mtoto kwenye titi, alimwona akipita nyuma ya jiko bila kusimama. Akaipita migomba iliyonona karibu na zizi, akavuka kibanja chote, akasimama kwenye mgomba mwembamba wa pembeni kabisa, unaopigwa vumbi na kila gari.

“Mama, mbona huo?” Alistidia aliita, na safari hii sauti ilitoka vizuri. “Wa mtoto wa kike si unakaa nyuma ya jiko?”

Restituta alichimba, akaweka, akafukia. Akashindilia udongo kwa kisigino.

“Huyu naye atazaa,” alisema. “Huu uko karibu na barabara.”