Kuitikia kwa Kichwa

Msusi alikuwa na binti wa miaka minne waliyemwita Chiriku, maana akianza kuongea saluni nzima ilikoma. Ila simu ya baba yake ikilia, mdomo ulifungwa. Baba alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na kila Jumapili alipiga kutoka njiani.

"Umekula, mwanangu?"

Chiriku aliitikia kwa kichwa.

"Umenikumbuka?"

Akaitikia tena, kwa nguvu, mpaka hereni zikacheza.

"Mtoto huyu kanisahau," baba alimwambia mkewe siku moja, kanyong'onyea.

"Anakujibu kwa kichwa, Baba Chiriku. Anadhani unamwona."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Jumapili iliyofuata hakupiga. Msusi aliumia, lakini angefanyaje?

Katikati ya wiki alikuwa nyuma ya pazia, akimwosha mteja nywele. "Mwanangu, niletee taulo."

"Hili?" Chiriku aliuliza kutoka upande wa pili.

"Lipi?"

"Hili hapa!"

"Nitalionaje, na pazia liko katikati?"

Chiriku alilifungua pazia, akamtazama mama, akalifunga. Akafungua, akafunga. Mteja, kichwa povu tupu, aliangua kicheko.

"Mama, ukiwa huko huwa hunioni?"

"Sikuoni."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Kisha sauti ndogo ikasema, "Ni la bluu. Lina tundu pembeni."

Msusi aliduwaa, maji yakimwagika bure.

Jioni ile ile alimpigia mumewe. "Ongea na mwanao."

"Niongee na ukuta?"

"Ongea tu, bwana."

Chiriku akapewa simu. "Hujambo, mama?" baba alimwuliza. Kidevu kilianza kushuka, kikasita.

"Baba, wewe hunioni, eti?"

"Sikuoni, mama."

"Basi nikwambie. Nimevaa gauni la njano. Goti lina kidonda, lakini kimekauka. Mama yuko mlangoni, analia huku anacheka."

Baba alivuta pua.

"Na wewe uko wapi? Mimi pia sikuoni."

Basi baba akaeleza: kituo cha mafuta, tairi lililopasuka, paka aliyelala juu ya boneti. Chiriku alitaka kujua paka ana rangi gani, na mkia kaulazaje. Katikati ya mkia, mtandao ukakatika.

Punde simu ikalia.

"Kaamka!" baba alisema, hata salamu hakutoa. "Sasa anajilamba mguu."