Matofali Chini ya Kitanda cha Mama

Kitanda cha mama yangu kilikuwa juu ya matofali. Kabati pia, jokofu pia, hata meza yangu ya kupigia pasi. Kila kitu kilikuwa kimepandishwa, nasi tulikuwa tumezoea kupenya katikati kama watu walioingia ghalani kuiba. Mama ni mfupi, ingawa ole wako umwambie. Akikaa kitandani miguu yake ilikuwa inaning'inia kama ya mtoto wa chekechea, na kila asubuhi alishuka kwa kuruka, huku anasonya. Nikamnunulia kigoda cha kukanyagia. Akakigeuza cha kuwekea beseni.

Matofali yaliletwa na maji, na maji yaliletwa na lami. Ngoja nieleze vizuri, maana vijana wa mtaa huu wanadhani sisi tulizaliwa na mafuriko.

Sisi ni watu wa kufua. Baba alikuwa dobi, mama dobi, na mimi mpaka leo nakula kwa pasi. Nyumba yetu inatazamana na uwanja ambao zamani ulikuwa majani tu, yameshuka taratibu mpaka kwenye matete. Madobi wote wa mtaa walianika hapo, na si kwenye kamba. Shuka nyeupe hazitundikwi, zinalazwa. Unazitandaza juu ya majani zikiwa bado zinachuruzika, unazinyunyizia maji kila zikitaka kukauka, na jua likishirikiana na majani linazing'arisha mpaka zinaumiza macho. Nikifumba macho sasa hivi naisikia harufu ile ya sabuni, majani mabichi na mvuke wa ardhi, na natamani kulia, wala sioni aibu kusema.

Sisi watoto tulikatazwa kukimbia kati ya shuka. Kaka yangu alikimbia. Alikanyaga shuka ya harusi ya watu kwa mguu wenye matope, na baba akamkimbiza uwanja mzima na kata ya maji mkononi, madobi wote wakishangilia upande wa kaka. Mvua kubwa zikija, maji yalishuka kutoka kwenye mapaa yote, yakaingia majanini, yakatulia humo. Vyura walipiga kelele mpaka mama akawatukana dirishani. Baada ya siku kidogo ardhi ilikuwa imeyanywa yote, na majani yamenenepa. Ndani kwetu hakukuwa na tofali hata moja.

Kisha wakaja watu wa manispaa wakamwaga lami, uwanja ukawa maegesho ya magari. Baba alipiga makofi siku ya uzinduzi. Maskini, alidhani ameondokana na matope, na kwamba sasa atatandaza shuka mahali pasafi. Mvua ya kwanza ikateleza juu ya lami, ikatafuta pa kwenda, ikapaona kwetu. Baba mwenyewe ndiye aliyekwenda kutafuta matofali. Na ni kwenye kitanda kilichopandishwa juu ya matofali hayo hayo alipofia, miaka mingi baadaye, na ilibidi mimi na kaka tumteremshe taratibu, kwa shida, kama mzigo unaoogopwa kuvunjika. Mama hajawahi kulizungumzia hilo. Mimi nalizungumza mara moja tu, hapa.

Basi mwaka jana manispaa wakarudi, safari hii kubandua kile walichobandika. Wakang'oa lami, wakachimba bonde dogo mithili ya sahani, wakachomeka matete ukingoni na miche ya miti pembeni, katikati wakasia mbegu za majani. Aliyesimamia kazi alikuwa kijana mwembamba mwenye kofia kubwa kuliko mabega yake. Mama akamwita Bwana Shamba, na jina likamganda.

"Mama," alimwambia, "mvua ikija maji yataingia hapa, yatakaa, ardhi itayanywa polepole. Hayatafika kwako."

"Wewe umezaliwa juzi," mama akamjibu. "Unanisimulia uwanja wangu mwenyewe?"

Lakini nilimwona macho yamemng'aa.

Kaka hakung'aa chochote. Kaka anaishi ghorofani, upande wa juu wa mji, na alikuwa amechoka kuitwa kila mwaka kuja kumbeba mama mgongoni na kumtoa nje ya maji. Alikuja Jumapili moja akasema chumba kiko tayari, kimepakwa rangi. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwishoni mama akaweka kikombe chini.

"Haya. Mvua za mwaka huu maji yakivuka kizingiti changu, nitakwenda kwako na sitasema neno. Yasipovuka, usiniletee tena habari za ghorofa. Mpaka nife."

"Umeahidi, mama."

"Mimi nimewahi kula maneno yangu?"

Nikatoka nje nikasimama ukutani. Mama akihama nyumba inauzwa, mimi na pasi yangu tutakwenda wapi sijui, lakini si hilo lililonikaba. Nilijua kabisa kwamba mama yangu, ghorofani, bila maji ya kumwaga wala mtu wa kugombana naye dirishani, atazimika.

Kwa hiyo uhai wetu ukawa majani yale, na majani hayakutaka kuota. Ndege walishuka makundi kwa makundi wakala mbegu mchana kutwa. Jua likakausha zilizobaki. Bwana Shamba alilalamika kwamba ameomba majani makavu ya kufunikia udongo na hajaletewa, na kama ardhi itakuwa tupu mvua itakapofika, tope lote litaoshwa na kuziba njia za maji. Kisha akaitwa kwenye bustani nyingine upande wa pili wa mji. Akafunga uwanja kwa kamba, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata mama alikuwa na shuka za nyumba ya wageni kwenye beseni. Alisimama mlangoni akautazama uwanja. Akauvuka mtaa. Akaivuka kamba.

"Mama, hapo pamefungwa!"

"Njoo ushike pembe."

Mdomo wa kumkataza nilikuwa nao. Lakini alikuwa ameinama na shuka mikononi vile vile kama zamani, kiuno kile kile, akiipigapiga hewani ili ishuke imenyooka, na mimi nikajikuta nimeshika pembe mbili nazivuta. Ikalala. Tukatandaza zote. Jirani yetu Bibi Buluu, dobi wa enzi zile zile za majani, akatoka na beseni lake bila kuulizwa, na tukakaa ukingoni na kata zetu tunanyunyiza maji na kusengenya wateja waliokwisha kufa. Siku ile nilicheka mpaka mbavu zikauma. Shuka zikalala pale siku kadhaa, maana mama alisema majani haya bado hayana nguvu, zitachelewa kung'aa. Majani gani? Hakukuwa na majani! Mazoea tu yametupofusha, wanawake watu wazima.

Bwana Shamba aliporudi alivua kofia akaitupa chini.

"Mama! Hizi mbegu ndizo za kushika udongo! Mmezitandikia, mmezilalia, mnazimwagia maji ya sabuni!"

"Si ya sabuni," mama akasema, sauti ndogo. "Nilisuuza."

Sijawahi kumwona mama yangu amenywea vile. Alielewa kabla yangu. Kwa mikono yake mwenyewe amejifukuza nyumbani. Alishika shuka ya kwanza akaanza kuianua, na shuka ikakataa. Ilikuwa imeshikwa. Akaivuta, ikatoka kwa sauti ya kitambaa kinachochanika, na chini yake palikuwa na majani. Membamba, ya njano njano, yamelala kifudifudi, lakini yamejaa. Pembeni ya shuka, ardhi tupu na nyayo za ndege.

Bwana Shamba alipiga magoti akayagusa. Akatutazama. Kisha akacheka, akacheka mpaka akakaa chini.

"Leteni nyingine," alisema. "Leteni zote mlizo nazo. Nilikuwa nasubiri majani makavu kumbe mitaa imejaa shuka!"

Za nyumba ya wageni zilikuwa zimeota mizizi, na mwenye nyumba hiyo alinipa vidonge vyangu mbele ya wateja, nikavimeza. Lakini mtaa ukatoka. Watu walileta shuka kuukuu, mapazia, foronya, mpaka kanzu iliyoungua. Tukauvika uwanja wote, tukazifunika mbegu siku za mwanzo tu, na chipukizi zikishika tukawa tunazifunua. Jioni moja nilisimama mlangoni nikaona weupe umeshuka mpaka kwenye matete, na mama anapita katikati na kata yake, na kwa dakika nzima nilimtafuta baba.

Majani yalikuwa yamefika kwenye kifundo cha mguu mvua ilipoanza.

Ilianza alfajiri, ikapiga mpaka mchana bila kupumua. Kaka alifika na gari la mizigo limefunikwa turubai. Alisimama sebuleni na viatu vyake mkononi kwa mazoea. Sote watatu tukatazama kizingiti. Maji yalishuka mtaani, mekundu, yana kelele zile zile ninazozijua. Yakafika mbele ya nyumba. Yakageuka. Yakaingia uwanjani.

Watu wazima sisi, tulibanana dirishani kama watoto, tukiangalia majani yanavyozama, ncha tu zinaonekana, halafu na ncha hazipo. Maji yakapanda, yakafika ukingoni. Mama alishika mkono wangu akaufinya mpaka mifupa ikalia. Yakakaa hapo hapo. Mvua ikalegea. Yakakaa. Kisha, kutoka chini kwenye matete, chura mmoja akaanza.

"Nyamaza, mshenzi we!" mama akapiga kelele dirishani, na machozi yanamtiririka.

Kaka alikwenda mlangoni akainama, akapitisha kiganja juu ya kizingiti. Alikirudisha kikavu. Nilipomsogelea, bado ameinama, niliona anatabasamu.

"Ile shuka ya harusi," aliniambia, "nilikanyaga makusudi."

Kisha akasimama, akavaa viatu, akaniita chumbani kwa mama. Hakuna aliyemwagiza. Alishika upande mmoja wa kitanda, mimi upande mwingine, tukakinyanyua, na kwa mguu nikayasukuma matofali ya baba, moja baada ya jingine, mpaka yakatoka. Tukakishusha kitanda. Kilikuwa kifupi ajabu, na chumba kikawa kikubwa.

Mama aliingia akijifuta uso kwa upindo wa kanga. Akatutazama, akatazama matofali yaliyopangwa ukutani. Alikuja akakaa, taratibu, kama anayejaribu kitanda cha watu.

Miguu yake ikafika sakafuni. Akaiangalia. Akasugua nyayo zake huku na huku juu ya saruji kavu.

"Baba yenu," alisema, "angekaa hapa."

Akapapasa nafasi iliyo kando yake, akatuacha tukae.